Daftari la Boila Namba Mbili

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, mashine ya presha katika zahanati ya kiwanda ilisoma mia hamsini na tisa kwa tisini na saba. Sista Caren alingoja dakika tano, akapima tena, kwa sababu kinachohesabiwa ni kipimo cha pili. Mia hamsini na nane kwa tisini na sita.

"Hii sasa ni mara ya pili, mzee," alisema.

Gordon Ouko hakuhitaji kuambiwa. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani: mwendesha boila akizidi mia arobaini kwa tisini mara tatu mfululizo, anaondolewa kwenye boila. Kipimo cha tatu kilikuwa baada ya wiki sita. Walioondolewa hupewa ufagio katika chumba cha kupakia chai. Ouko alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia mbele ya boila namba mbili, akitoa mvuke wa kukaushia majani ya wakulima wa Kimulot.

"Chumvi?"

"Niliacha Krismasi. Hata kwa meza haiko."

"Nyama?"

"Jumapili tu. Siku zingine ni mboga, Sista. Mrenda, managu, saga. Vile ulisema."

"Na kuja kazini?"

Ouko alitazama viatu vyake. "Boda."

"Kilomita tatu, boda! Kuanzia kesho njoo na miguu. Halafu uandike kila kitu unakula. Boila si unaiandikia?"

"Kila saa."

"Basi jiandikie pia."

Katika chumba cha boila, msaidizi wake Kipkirui alikuwa akipanga kuni.

"Imesoma ngapi, jaduong'?"

"Mia hamsini na nane."

"Ai! Hii boila presha inafika kumi na tunaiogopa. Wewe tukufungulie valvu wapi?"

Ouko alicheka kidogo. Jioni, akienda nyumbani, alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili la kuandikia chakula chake.

Wiki ya kwanza alisimama mara tatu kwenye mlima kati ya mashamba ya chai, mikono kiunoni, akijifanya anatazama wachumaji. Wiki ya tatu hakusimama. Mshipi wake ulirudi tundu moja. Mwisho wa wiki ya nne alipita zahanati bila kuitwa, akaomba apimwe tu ajue. Mia hamsini na mbili kwa tisini na nne.

Sista Caren alifungua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa: ugali, mrenda, ndizi moja, chai bila sukari, managu.

"Kwa hii daftari ungeshuka zaidi," alisema. "Kuna kitu hujaandika."

"Nimeandika yote."

"Sijasema unadanganya. Nimesema kuna kitu."

Siku hiyo saa nane mchana Ouko alikuwa akijaza daftari la boila. Kuni, mita mbili. Maji, sawa. Mvuke, sawa. Safu ya mwisho ilikuwa ya dawa ya maji, ile soda nyeupe inayozuia ukoko kwenye mabomba. Boila haikuwaka kwa soda, wala hakuna aliyeihesabu kama kuni. Lakini iliingia, kwa hiyo iliandikwa. Aliandika kipimo, kisha kalamu ikabaki hewani.

Alipofika nyumbani, mkewe, Wilkista, alikuwa ameinamia sufuria. Mrenda ulikuwa ukichemka. Wilkista alifungua kopo lililokaa karibu na jiko, akamega kipande cha kijivu, akakitupia ndani. Povu likapanda.

"Mama Maxine, hiyo magadi unaweka kila siku?"

"Sasa mrenda ilainike na nini? Na maombi?"

"Na managu?"

"Na managu. Kwani kuna nini?"

"Nimeandika mpaka ndizi Kipkirui alinipa. Hii sijaandika."

"Magadi ni chakula? Nani anakula magadi?"

Ouko alifunga kipande kimoja kwa gazeti, na asubuhi akakiweka mezani kwa Sista Caren. Sista alikitambua kabla gazeti halijafunguka lote.

"Hii ni ndugu ya chumvi, mzee. Ile kitu kwa chumvi inapandisha presha, hata hapa iko. Na umeongeza mboga, kwa hivyo umeiongeza pia." Alihesabu siku kwenye kalenda. "Wiki mbili kasoro. Siwezi kukuahidi kitu."

Wilkista alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama. "Mama yako alipikia magadi mpaka akafika miaka themanini. Sasa Sista wa juzi ndiye atanifundisha mboga?" Lakini kesho yake aliacha mrenda sokoni, akanunua managu. Aliyachemsha kwa muda mrefu, akamwaga maji machungu, akatia maziwa, akayalaza hadi jioni ya pili. Alimwekea sahani bila kumtazama.

"Kula. Ikiwa ngumu usiniambie."

Ouko alitafuna. Alitafuna tena.

"Ni ngumu."

"Nimesema usiniambie."

Kopo la magadi lilitoka karibu na jiko. Hakuuliza lilipelekwa wapi.

Jumatatu ya kipimo, saa kumi na mbili na dakika kumi na tano, mashine ilisoma mia arobaini na mbili kwa themanini na tisa. Ouko aliiona namba ile kabla ya Sista kuitamka.

"Umetoka mlimani sasa hivi," alisema Caren. "Kaa. Miguu chini. Usiongee."

Dakika tano. Nje, lori la majani lilirudi nyuma likilia. Mpira wa mashine ulibana mkono, ukalegea taratibu.

Mia thelathini na sita kwa themanini na sita.

Sista Caren aliandika, akapiga muhuri, akampa karatasi. Ouko alivuka uwanja. Kipkirui alikuwa amesimama mahali pake, mbele ya tanuru, glavu mikononi.

"Ngapi?"

Ouko alimpa karatasi. Kipkirui aliisoma hadi chini, akavua glavu, akasogea pembeni.