Matandiko ya Chifu

"Leo ni siku ya tatu," Ajwang alisema, akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la kioo. "Hajaenda choo. Na sukumawiki ya jana hajaigusa."

Nyawira alisimama mlangoni, mkoba begani. Tangu babake, Mzee Jamleck, afie chumbani humo mwezi wa tatu, alikuwa haingii ila kwa lazima. Kitanda cha mzee kilikuwa bado kimetandikwa. Kando ya dirisha, chini ya taa yake, Chifu alilala ameukunjia mkia ubavuni, ukijani wake umefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Walinzi wa jengo walimwita kenge. Mzee Jamleck alikuwa akiwasahihisha kwa upole: huyu ni iguana, anakula majani tu, hana ubaya na mtu.

Nyawira alishusha mkoba, akampigia daktari wa mifugo.

Daktari Bramwel alifika Kileleshwa saa tano. Alipapasa tumbo la Chifu kwa vidole viwili, akasita mahali pamoja, akarudia. Kisha akachota maranda ya mbao yaliyotandazwa ndani ya kabati.

"Ameyameza haya pamoja na chakula. Yamemziba. Nani aliyaweka?"

Ajwang, aliyebaki kumtunza Chifu tangu mzee afe, angeweza kusema hajui. Zulia la zamani la humo kabatini lilikuwa limeanza kunuka, Nyawira akalalamika kwamba harufu inafika sebuleni, na Ajwang akamwomba Lazarus, fundi seremala jirani yake kule Kangemi, amjazie gunia la maranda safi. Kwa wiki mbili chumba kilinukia mbao mpya.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani yanafaa."

Nyawira hakupaza sauti. "Baba aliniachia huyu tu, Ajwang."

Daktari alieleza taratibu. Aogeshwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku. Ikifika Ijumaa bado, itabidi apasuliwe. "Na hapa chini msiweke maranda wala mchanga wala changarawe. Tafuteni kitu hawezi kumeza, uchafu wake uonekane na utolewe kila siku. Hawa wanyama hubeba vijidudu vya kuharisha. Mnawe mikono na sabuni, na vyombo vyake visiingie jikoni."

Alipoondoka, Nyawira alisema kuna mwanamume mtaani Karen anayefuga wanyama kama hawa. Angekuja Jumamosi kumchukua. "Akipona, aende kwa mtu anayejua."

Ajwang aliitikia, "Sawa, Madam," akaenda kuosha mikono. Aliiosha kwa muda mrefu.

Alasiri hiyo alishuka mjini, River Road. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi lilikuwa na zulia la plastiki lililofanana na nyasi. Alilikwaruza kwa ukucha, uzi ukatoka, akaona jinsi kidole cha Chifu kingenaswa. La pili lilikuwa na mkeka wa mpira. Aliunusa. Harufu ya petroli. Chini ya taa ile ya moto ingezidi. Alitoka nje, akasimama kando kupisha mkokoteni.

Miaka miwili alikuwa amemuuguza Mzee Jamleck. Nyawira alikuwa ameleta shuka za maua, chumba kichangamke. Ajwang alizikunja akaziweka kabatini, akawa anatandika nyeupe. Kwenye nyeupe aliona kila kitu mapema, hata mkojo ulipobadilika rangi.

Ghorofani, juu ya kichwa chake, mashine ya kukata karatasi ya kiwanda cha uchapaji ilishuka kwa kishindo. Akapanda ngazi.

Mkataji, aliyejitambulisha kama Kibe, alikuwa na vumbi la karatasi kwenye nyusi.

"Naomba karatasi haijachapishwa," Ajwang alisema. "Hata mabaki."

"Ya kufungia nini, mama?"

"Ya kutandika. Niko na mgonjwa."

Kibe hakuuliza zaidi. Alivuta kipande cha mwisho cha roli la karatasi nyeupe, kipana kama shuka. "Hii haina wino hata tone. Ikiisha, rudi."

Jioni Ajwang alitoa maranda yote, akaosha kioo kwa maji moto na sabuni, akasuuza, akakausha pembe kwa kitambaa. Akatandika tabaka tatu za karatasi. Alinunua beseni la buluu, la Chifu peke yake. Kila asubuhi na kila jioni alimshika kifua kwa kiganja kimoja, kama alivyokuwa akimshika mzee shingo, akimmwagia maji mgongoni kidogo kidogo.

Jumatano karatasi ilibaki safi. Alhamisi pia, na rangi ya Chifu ikazidi kuwa ya udongo.

Ijumaa, karibu saa sita, Ajwang alikuta rundo jeusi katikati ya weupe, na ndani yake vipande vya mbao. Hakuligusa. Akamwita Nyawira, ambaye siku hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani.

Nyawira aliinama kutazama.

"Ulijuaje ni karatasi?"

"Ni zile shuka za babako. Za maua niliziweka kando, sikukuambia. Zinaficha."

"Nilijua tu hukuzipenda."

"Zilikuwa nzuri. Lakini kidonda kilipoanza mgongoni, nilikiona kwa sababu ya nyeupe."

Nyawira aliketi kitandani kwa babake. "Kidonda gani?"

"Kilipona. Alisema usiambiwe. Ungeacha kazi."

Nyawira alipitisha mkono juu ya shuka, mara moja, mara ya pili. Simu yake ikalia mfukoni. Aliitoa, akalitazama jina la yule mtu wa Karen mpaka mlio ukakatika.

"Nionyeshe vile unaitoa hii karatasi," alisema.

Ajwang alimpa glavu. Akamwonyesha jinsi ya kukunja pembe kuelekea ndani, uchafu ubaki katikati, mkono usiguse. Kisha walishika karatasi mpya, kila mtu upande wake, wakaishusha. Chifu aliteremka polepole kutoka kwenye tawi lake la humo kabatini. Akaweka mguu mmoja juu ya karatasi, ikakunjamana kidogo. Akaweka wa pili, akasimama hapo kati yao, ulimi ukitoka na kurudi.