Seli za Annonciata

Baba yao alikufa mikono na miguu ikimchezacheza, na watu wa Litapunga wakasema karogwa. Annonciata aliyaamini hayo mpaka Onesphore, kaka yake, alipoanza kudondosha jembe shambani. Hospitalini Mpanda wakaambiwa ukweli: ugonjwa ni wa kurithi, unaula ubongo polepole, na kila mtoto wa mgonjwa huenda akauchukua, huenda akauepuka.

Daktari Pudensiana, aliyeongoza majaribio ya dawa mpya, alimwita Annonciata kando.

"Dawa ya kunyamazisha jeni mbovu inayoleta ugonjwa huu tunayo," alisema. "Kazi ni kuifikisha kwenye ubongo. Seli za mwili hutumiana vifuko vidogo mno, na vifuko hivyo hupenya pale dawa nyingine zinapokwama. Tukipata seli za ndugu wa damu, tutavuna vifuko vyake na kuipakia dawa humo."

"Chukueni zangu."

"Lazima tukupime kwanza, dada. Ukiwa nayo jeni ile, seli zako hazifai. Na majibu utayajua."

 Annonciata ana watoto. Miaka yote amelikwepa swali hilo. Kikombe kikimponyoka tu, hushinda akiuchunguza mkono wake.

Onesphore aliposikia, alikataa. "Mushikanje, dada yangu, usijitie kitanzini kwa ajili yangu," alimwambia dada yake, maneno yakimkwama. "Mimi nimeshakwenda."

"Mbona bado unakula ugali wangu? Hujakwenda."

Akapimwa. Siku ya majibu alikaa mbele ya daktari magoti yakigongana, asijue kama ni hofu au ndiyo mwanzo wenyewe.

"Huna," daktari alisema.

Alidhani atafurahi. Badala yake alilia kwa uchungu, maana bahati ile ingeweza kumwangukia kaka yake.

Wakamchoma sindano nyongani, wakatoa uboho. Vifuko vilipokuwa tayari, Onesphore akatundikiwa dripu. Kabla haijafika nusu, mwili ukamwaka homa, macho yakageuka. Wauguzi wakaifunga na kumzunguka. Annonciata alitolewa nje. Akaegemea ukuta akisikia kitanda kikitikisika, akijiuliza kama amempa kaka yake sumu kutoka mwilini mwake.

Jioni homa ikashuka. Dripu ikafunguliwa tena, taratibu, naye Annonciata akarudishwa ndani, akamshika kaka yake mguu mpaka tone la mwisho.

Miezi ikapita. Vipimo vikaonyesha jeni ile imeanza kunyamaza. Mikono ya Onesphore bado hucheza, na jembe halishiki. Ila ugonjwa haujasogea. Zamu ya dripu ikifika, Annonciata ndiye anayempeleka.