Zamu ya Baba

Mwalimu alipiga chafya chumbani kwa mtoto, na nyumba nzima ikanyamaza.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akimkausha Kifungo vidole vya miguu kwa taulo. Chafya ilimjia ghafla, akawahi kugeuzia uso kwenye kiwiko. Kisha akaliweka taulo chini taratibu, akainuka, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni kama mtu aliyeona nyoka. Mumewe, Fundi, alikuwa ukumbini akipiga deki. Alipomwona mkewe anavyomtazama mtoto kwa mbali, alijua kabla hajaambiwa.

"Koo linaniwasha tangu nilipoamka," Mwalimu alisema. "Nilidhani vumbi."

"Vumbi lipi, Mwalimu? Hii sakafu imepigwa deki mpaka inaanza kuchubuka."

"Ndiyo maana nasema nilidhani."

Kifungo alikuwa kitinda mimba wao, wa miaka minne, na alikuwa ametoka hospitali majuzi tu. Alizaliwa na ugonjwa wa damu. Madaktari waliuua uboho wake wa ndani ya mifupa kwa dawa kali, wakamwekea mwingine uliotoka kwenye nyonga ya dada yake wa miaka tisa. Uboho huo ulikuwa umeshika, asante Mungu, lakini ulikuwa bado unajifunza kazi. Kinga ya mtoto ilikuwa kama ya kichanga. Mafua ambayo mtu mzima huyamaliza kwa leso mbili yangeweza kumrudisha wodini.

Mwalimu alipiga simu wodini, na muuguzi hakuzunguka mbuyu. Hama, alimwambia, usirudi mpaka upone kabisa. Basi akafunga begi dogo kwenda kwa mdogo wake, mtaa wa pili. Kutoka mlangoni hadi getini alikuwa akitoa maagizo, leso puani.

"Dawa ya kuzuia ugomvi unaichanganya na juisi kwenye glasi. Glasi, si kikombe cha plastiki. Chakula kipikwe kikaliwe, kisilale. Mrija wa dawa wa kifuani usiingie maji. Na joto la mwili likifika thelathini na nane, usimpe kitu chochote cha kushusha, piga simu kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Ukweli ni kwamba hakuwa ameelewa hata nusu. Muda wote wa matibabu, mkewe ndiye aliyefungiwa na mtoto katika chumba cha pekee wodini. Yeye alibaki na binti yao na kazi yake ya kutengeneza makochi, na mwanawe alimwona kupitia kioo. Kochi alilijua: akiwekewa bovu mbele yake, hulivua kitambaa, akabadilisha sponji na mikanda, na jioni likawa jipya. Hata jina la mtoto lilitoka karakana, maana alizaliwa mdogo, wa duara, kama vile vifungo vinavyoshonwa kwenye migongo ya makochi. Majirani nao hawakukosa la kusema aliporudi nyumbani na kukatazwa kutoka nje: "Haya, Kifungo kahukumiwa kifungo." Fundi alicheka nao. Sasa alikuwa askari jela peke yake, na mfungwa alikuwa amekaa kitandani, kichwa kipara kama yai, akimkodolea macho.

"Mama yuko wapi?"

"Ana mafua. Atarudi."

"Nataka Mama."

"Hata mimi," Fundi alisema, na alimaanisha.

Vita vilianza wakati wa dawa. Ile dawa ya ugomvi, kama walivyoizoea kuiita, kazi yake ilikuwa kuuzuia uboho mgeni usigombane na mwili ulioukaribisha. Harufu yake ilikuwa ya kutisha. Fundi aliivuta kwa bomba dogo la plastiki, akaichanganya kwenye juisi ya machungwa, ndani ya glasi kama alivyoambiwa, akaiinua. Mtoto akafunga mdomo. Fundi akafanya ndege inatua. Mdomo ukabaki umefungwa. Akaahidi gari la kuchezea, akaahidi pikipiki ya kuchezea, mwishowe akaahidi vitu ambavyo hata duka lisingekuwa navyo. Kifungo akafungua mdomo, akapokea, akamwangalia baba yake machoni, akaitema yote kwenye shati la Fundi.

"Inanuka soksi," alisema.

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Tangu daktari amweleze kwamba damu mpya ya mdogo wake inatengenezwa na uboho aliompa yeye, alikuwa amejipa cheo.

"Wewe, kunywa dawa! Damu yangu hiyo, usiichezee!"

"Ichukue damu yako!" Kifungo alimjibu.

Fundi aliogopa kurudia dozi bila ruhusa, akapiga simu wodini. Muuguzi aliuliza ametema kiasi gani na muda gani umepita, kisha akamwambia aandae nyingine. "Na wewe, Baba, kaa chini kwanza," aliongeza. "Nakusikia unavyohema."

Alikaa chini, sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, shati likinuka soksi. Hakuwa na ujanja mwingine wowote. Kwa kukosa la kufanya, akamuuliza mtoto: "Mama huwa anafanyaje?"

"Anaimba."

Fundi akaimba. Kifungo alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho wa ubeti.

"Baba, unaimba kama mlango."

Binti aliangua kicheko kule mlangoni, na Fundi akajikuta anacheka naye. Alipomaliza kucheka, alimtazama mwanawe vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu arudi: mashavu yaliyovimba kwa dawa, shingo nyembamba, mrija uliokunjwa na kubandikwa kifuani chini ya fulana. Kwa miezi mingi kila mtu alikuwa anamfanyia mtoto huyu kitu. Wanamchoma, wanambandika, wanampima, wanamlisha. Karakanani, mtu anayejifunza kazi hafundishwi kwa kushikwa mkono kila siku. Inafika mahali unampa kifaa.

Akachanganya dawa upya kwenye glasi, akampa bomba tupu mkononi.

"Mimi sijui hii kazi," alisema. "Fundi ni wewe. Mimi nashika glasi tu."

Kifungo aliligeuza bomba, akalichungulia. Akalizamisha kwenye juisi, akavuta kidogo, akalitia mdomoni pembeni, akasukuma. Uso ukakunjamana kama karatasi. Akameza. Akavuta tena. Ilichukua muda mrefu, juisi ikapoteza ubaridi na miguu ya baba ikafa ganzi, lakini glasi ilibaki tupu, na Fundi alipoisuuza kwa juisi kidogo, mtoto akamaliza hata hiyo.

Baada ya hapo siku zikapata mwendo wake. Fundi alifunga karakana, kazi zilizokuwa mezani akamwachia mshirika wake, jitu la miraba minne lililopewa jina la Msumari kwa mzaha. Msumari alikatazwa kuingia, kwa hiyo alikuwa akija kusimama nje ya dirisha lililofungwa na kupaza sauti kuhusu kochi la mteja fulani, huku Kifungo akimpungia mkono kwa ndani. Fundi alijifunza kuosha mikono mpaka ngozi ikapauka. Alijifunza kuzungushia kifua plastiki kabla ya kuoga ili mrija usilowe, na hapo hakuhitaji mwalimu, maana kufunika kitu kikafunikika ndiyo kazi yake. Mkewe alikuwa akipiga simu kila saa mwanzoni, akiuliza, akikumbusha, akikohoa. Kisha simu zikapungua.

"Mbona leo hukunipigia?" Mwalimu alimuuliza siku moja.

"Nilikuwa namwogesha."

"Analia?"

"Hapana. Ananielekeza."

"Vizuri," Mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kufurahi.

Kisha likaja joto.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula ambacho hakukigusa. Kifungo alilala bila kulazimishwa, jambo ambalo si kawaida yake, na Fundi alipomgusa paji la uso mkono wake ulisita. Kipimajoto kilisoma thelathini na nane na pointi mbili. Akampima tena, kana kwamba kipimajoto kingemwonea huruma. Kikasoma vilevile. Dawa ya homa ilikuwa pale pale kabatini, na mkono ulimwasha kuichukua. Akaiacha. Akapiga simu.

"Mje sasa hivi," muuguzi alisema. "Usimpe kitu. Tunawasubiri."

Alishangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa mtulivu. Mikono ilijua pa kwenda: barakoa ya mtoto, begi la dawa, shuka safi la kutandika kwenye kiti cha teksi. Binti alikuja nao kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia. Njia nzima hakusema neno, yeye ambaye hufunga mdomo akilala tu.

Wodini walimpokea Kifungo haraka, wakamtoa damu ya vipimo, wakamtundikia dawa ya kuua vijidudu. Fundi alipotoka kumtazama binti, alimkuta kwenye benchi la ukumbi, ameshika nyonga yake, pale walipomtoboa.

"Panauma?"

Alitikisa kichwa. Kisha, akitazama viatu vyake: "Baba, uboho wangu ni mbovu?"

Fundi alifungua kinywa kusema hapana, akakifunga. Hakutaka kumjibu juu juu mtoto aliyeuliza swali zito namna hiyo. "Mimi nadhani si mbovu," alisema. "Lakini mimi ni fundi makochi. Tumuulize daktari mwenyewe."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyochoka. Alikuwa na haraka, mtu angeiona hata mgongoni mwake, lakini aliposikia swali alichuchumaa mpaka akalingana na mtoto.

"Uboho wako umetengeneza askari wengi kuliko nilivyotegemea," alimwambia. "Leo nimewaona kwenye kipimo. Nadhani vijidudu vimeingilia kwenye mrija wa kifuani. Na ule mrija tuliuweka sisi, si wewe. Kama unatafuta wa kumlaumu, anza na mimi."

Binti alimkagua daktari, kama anayepima ukweli wa mtu mzima. "Sikulaumu," alisema mwishowe. "Lakini utoeni."

"Ndivyo tunavyofikiria."

Akijifuta machozi, binti akaanza kueleza jinsi mdogo wake anavyopenda kuuchezea huo mrija, na Fundi akajua kwamba mambo yake yamekaa sawa. Jioni ile Msumari alikuja kumchukua binti akakae kwake na watoto wake, na Fundi, baada ya kumpa Mwalimu habari kwa simu, akabaki na Kifungo, kwenye kiti kile kile ambacho mkewe alikikalia miezi yote ile. Kilikuwa kiti kibaya. Sponji ilikuwa imekwisha kabisa upande wa kushoto, mbao zinamchoma mtu pajani. Alilala juu yake siku zote walizokaa, akimfikiria Mwalimu, ambaye hakuwahi hata mara moja kulalamikia kiti.

Kipimo kilithibitisha aliyoyasema daktari. Joto likashuka, mrija ukatolewa, na Kifungo akaonyesha plasta yake kwa kila aliyeingia, pamoja na mfagizi. Walipomruhusu, Mwalimu alikuwa amepona, muuguzi amempa ruhusa, naye akawa anawasubiri nyumbani.

Kifungo alimrukia. Alimng'ang'ania shingoni kwa muda mrefu, na Fundi akajishughulisha na begi ili asiwatazame sana. Lakini ulipofika wakati wa dawa, Mwalimu aliposhika bomba na kuanza kuimba, mtoto alimshika mkono.

"Hapana, Mama. Wewe shika glasi."

Mwalimu alimgeukia mumewe. "Nani kamfundisha?"

"Kajifundisha. Mimi kazi yenyewe sikuijua."

Alishika glasi. Alimtazama mwanawe akivuta, akisukuma, akikunja uso, akimeza, na alipomaliza akamsifu vizuri kama mwalimu anavyosifu. Kisha akaenda kuosha mikono, ingawa alikuwa ametoka kuiosha. Maji yalimwagika muda mrefu.

Baadaye, Kifungo akiwa amelala, walikaa wawili kwenye ngazi ya nyuma, jua la alasiri likiwapiga magotini.

"Nikuambie kitu," Mwalimu alisema. "Kule kwa mdogo wangu nililala. Siku ya kwanza nililala kutwa nzima, na nilipoamka sikumkumbuka mtoto. Kwa dakika nzima. Niliona aibu."

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa naogopa nikimwachia mtu atakufa."

Fundi akamsogelea mpaka mabega yakagusana. "Na mimi nilikuwa naogopa hivyo hivyo," alisema. "Nikimshika mimi."

Mwalimu alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa kifundo cha mkono. Wakaanza kupanga: asubuhi nani, mchana nani, lini karakana ifunguliwe, lini yeye arudi darasani. Walikuwa bado wanabishania asubuhi aliposikika mtoto kutoka ndani.

"Baba!"

Waliinuka wote wawili kwa pamoja. Mwalimu alisimama hivyo kidogo, mkono ukiwa umeshika kitasa, kisha akarudi kukaa.

"Kakuita wewe," alisema. "Nenda."

Fundi akaosha mikono, akaingia. Kifungo alikuwa amelala chali, macho wazi, jua la dirishani limempiga usoni, na alichotaka ni avutiwe pazia.