Samaki Miguuni mwa Thuo

Ijumaa moja ya mwaka wa sabini na mbili, saa ya chai, katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji, Thuo alimvisha mama yake hofu isiyokuwa yake.

Ilianza hivi. Mkubwa wake, Bwana Zedekiah, mtu wa Vihiga asiye na maneno mengi, alisema kesho yake angekwenda kuvua samaki kwa kayaki kwenye bwawa la shamba la kahawa kule Kitisuru. Kayaki zilikuwa mbili, na mwenye kutaka kujifunza aseme.

"Usimwulize Thuo," akasema Haron, karani wa meza ya dirishani. "Kwao samaki ni nyoka aliyekatwa mkia."

Watu wakacheka. Sasa, ukweli ni kwamba Thuo alimwogopa samaki tangu utotoni. Yale macho yasiyofumba, ule utelezi. Lakini mwanamume wa miaka thelathini, mwenye tai ya milia na viatu vinavyolia akipanda ngazi, atasemaje? Akatafuta mahali pa kuutua mzigo wake, akaona mgongo wa mama yake uko karibu.

"Mimi hata mbichi namla," akasema. "Mwenye shida ni mama yangu."

Akapanda juu ya stuli. Akashika ncha za koti kama mwanamke anayeinua leso asiloe, akavuta midomo ndani kufunika meno, maana mama yake alikuwa na mapengo mawili ya mbele, akapaza sauti nyembamba: "Nyoka! Yesu wangu, nyoka!"

Haron alimwaga chai. Kabla vikombe havijaoshwa, mama wa watu alikuwa amekwisha kubatizwa Mama Nyoka, yeye akiwa nyumbani Dagoretti anachambua maharagwe, hana habari. Bwana Zedekiah alitabasamu kidogo tu.

"Basi kesho saa mbili," akasema.

Kayaki ni chombo chenye dharau. Ni chembamba kama ganda la njugu, mbao kwa ndani na turubai kwa nje, na katikati pana tundu moja la kukalia.

"Hii haipandwi," Bwana Zedekiah alimwambia pale ukingoni. "Inavaliwa, kama suruali. Miguu ndani, nyoosha. Kiuno kilegeze, kichwa kikae juu ya kitovu. Ukitaka kutazama nyuma, geuza kayaki, usigeuze shingo."

Thuo aligeuza shingo. Mara ya kwanza akanywa maji, mara ya pili akanywa zaidi, mara ya tatu akakaa. Akajifunza kulipiga lile kasia lenye mabawa mawili, huku na huku, bila kujimwagia maji kifuani. Akajifunza kulilaza mapajani anapovua, kwa sababu kasia likielea mbali utarudi ukingoni kwa viganja. Akatia chambo kwenye ndoana, akautupa mshipi karibu na matete, akatulia. Kwa muda huo mfupi alijiona mtu mkubwa hasa.

"Akinasa, usimvute kwa pupa," sauti ya Bwana Zedekiah ikaja kutoka kayaki ya pili. "Mlete ubavuni, mshike nyuma ya kichwa, mtie kikapuni. Mshike kweli. Ukimwonea haya, yeye hatakuonea."

Mshipi ukakaza. Ngege mnene, upana wa viganja viwili. Thuo akamleta ubavuni vizuri kabisa, ila kumshika hakuweza. Akaona heri amwinue kwa mshipi tu, amning'inize mpaka kikapuni. Samaki alipofika juu ya mapaja yake akajipinda, akachomoka kwenye ndoana, akaanguka ndani ya lile tundu, akateleza mpaka chini kabisa kwenye miguu.

Na miguu ya mtu aliye ndani ya kayaki iko gizani. Huioni. Unasikia tu kitu cha baridi kinakupiga miundi, kinapumzika, kinakupiga tena.

"Maitu! Maitu, nyoka! Nyoka!"

Sauti ilikuwa nyembamba, ileile ya juu ya stuli, na safari hii hakuna aliyekuwa akiigiza. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa mteremkoni waliinua migongo kutazama ni mtoto wa nani anamwita mama yake. Kisha kayaki ikapinduka.

Bwana Zedekiah alimvuta mpaka ukingoni, akamwaga maji ya kayaki, na samaki naye akatoka. Akamshika nyuma ya kichwa, akamtia kikapuni. Hakucheka. Afadhali angecheka, wangecheka wawili, mambo yakaisha.

"Nilidhani ni mama," akasema.

Ndani ya gari, Thuo aliomba ashushwe Dagoretti Corner, penye maduka, amalizie kwa miguu.

"Umelowa hivyo? Hapana. Nitakufikisha, nimsalimie mama."

Hapo ndipo Thuo alipojua hofu ni nini. Samaki alikuwa mchezo. Lile jina, Mama Nyoka, lilikuwa ndani ya gari pamoja nao, linapanda Ngong Road, linaelekea masikioni mwa mwenyewe.

Mama yake, Wamucii, aliwapokea mlangoni. Hakuuliza mengi. Alimtupia mwanawe blanketi, akamkalisha mgeni kwenye kiti chenye kitambaa, akamimina chai. Kikapu Bwana Zedekiah alikiacha garini. Lakini Wamucii, kwa macho yake ya kuchambua maharagwe, akaliona na kulibandua gamba moja lililonata kwenye mkono wa shati la Thuo.

"Kumbe mmetoka kuvua. Samaki yuko wapi, baba?"

"Yuko kwa gari, mama. Sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua na nini?"

Bwana Zedekiah akatazama ndani ya kikombe. "Nilisikia... nilisikia wewe na samaki hampatani."

Wamucii akacheka mpaka mapengo yote mawili yakaonekana. "Mimi? Miaka sita nimeuza sukuma wiki sokoni Ngara, bega kwa bega na Nanyama, muuza samaki, wa kwenu huko magharibi. Akienda kunyonyesha, nani alimparia samaki? Anayeogopa ni huyu. Nilileta mmoja hapa akiwa wa miaka saba, akahamia kwa jirani siku mbili. Tangu hapo nikawa nawaambia watu ni mimi nisiyeweza, watoto wasije wakamcheka shuleni." Akaacha kucheka. "Nani amekwambia ni mimi?"

Nje kuku walikuwa wakigombania ganda la ndizi.

"Watu husema mengi, mama," akasema Bwana Zedekiah polepole.

Kwa maneno hayo alikuwa amefungua mlango, Thuo apite. Thuo aliuona huo mlango. Aliona pia Jumatatu, na Haron akiuliza, Mama Nyoka hajambo? na yeye akicheka.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikuigiza ofisini. Wakacheka. Wamekupa na jina."

Wamucii akaweka birika chini taratibu, kama yai.

"Ukaniigiza vipi?"

"Mama, nisamehe."

"Nimeuliza vipi. Bwana huyu ameona, wenzako wameona, mimi mwenyewe sijajiona." Akasukuma stuli kwa mguu mpaka katikati ya chumba. "Simama nione."

"Mama Thuo," Bwana Zedekiah alianza.

"Kunywa chai, baba. Haya ni yetu."

Thuo akapanda. Stuli ilikuwa fupi kuliko ile ya ofisini, na blanketi lilikuwa zito kwa maji. Akashika ncha zake, akaziinua kidogo.

"Nyoka," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Si walicheka? Hiyo haichekeshi." Wamucii alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, anatazama kama afundishwaye kazi. "Na meno? Mtu akiniigiza huanzia hapo kwa meno."

Bwana Zedekiah aliinuka, akasema anakwenda kumleta samaki, akatoka upesi. Thuo, juu ya stuli, akavuta midomo ndani, akafunika meno yake mazima, yote, mbele ya mama yake.