Namba ya Vitalia

Kule Lundo mimba changa haitangazwi. Tumbo likishajitokeza lenyewe, hapo ndipo majirani hupongeza. Vitalia, mhudumu wa afya wa kijiji, alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mradi ulipompa simu ya kuandikisha wajawazito mapema, alijisahaulisha. Akamwandikisha Notburga, ambaye mimba mbili zilikwisha kumharibikia, akaweka namba ya mumewe, Pankras, ya kupokea ujumbe wa kliniki.

Basi simu za kijiji zilichajiwa kwa Florian, mwenye sola. Florian hana ubaya, ila siri haijui. Ujumbe ukiingia, anausoma kwa sauti ili mwenye simu asikie hata akiwa ufukweni anaanika dagaa wa usipa.

"Pankras! Mkeo anakumbushwa kliniki ya wajawazito!"

Kufumba na kufumbua, habari ilikuwa imefika kila jiko. Notburga akajifungia ndani. Siku ya kliniki Vitalia hakumwona kwenye benchi, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akamfuata nyumbani.

"Hodi, dada."

"Umekuja na hiyo simu? Basi usiingie."

Vitalia akaiacha nje, juu ya kinu. "Nimekosa, dada yangu. Nitalifuta jina lako, ofisini wanifokee wanavyotaka. Lakini kliniki uje. Huyu mtoto hata mimi namtaka."

Notburga alilia, akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Usifute. Weka namba yako wewe. Wakiniita, wakuite wewe, nawe uje kwa miguu yako uniambie humu ndani."

Ikawa hivyo, na simu yake Vitalia akawa anaichajia kliniki, si kwa Florian. Kila ujumbe ulioingia, Vitalia alipanda kilima hadi kwa Notburga. Notburga akahudhuria kliniki, akipitia njia ya nyuma, katikati ya mihogo. Na wanawake wana masikio! Haukupita muda, wengine wakaanza kumnong'oneza Vitalia: na mimi niweke kwako.

Miezi ikapita. Siku moja bwana Izidori, msimamizi wa takwimu wilayani, alipiga simu, ikamkuta Vitalia kliniki.

"Vitalia, kuna kosa huku. Wajawazito wote wa Lundo wana namba moja. Yako!"

"Si kosa, mkuu. Hebu msikilize wa kwanza wao." Akaisogeza simu kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Mle ndani mtoto wa Notburga alikuwa analia kwa hasira, mzima kabisa. Vitalia naye machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujali nani anamwona.

Izidori akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

"Subiri, mkuu," alisema Vitalia. "Nimuulize mama yake kama nikuambie."