Siku Hezekia Alipopandisha Watoto Mlimani

Hezekia aliwatazama watoto miguuni, akacheka.

"Viatu vya kanisani kupandia mlima? Mama Gloria, hata kuvalisha watoto kunakushinda?"

Naomi, mama yao, aliendelea kuwafunga viatu. Viatu vile alivinunua yeye, kwa mpunga alioupalilia mwenyewe. Mwanaume huyu, baba yao, aliondoka kijijini Ipyana miaka minne iliyopita, akaoa tena Dar es Salaam, na sasa, mwezi wa sita, shule zimefungwa, alikuwa amerudi kumchukua Gloria akaishi naye. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakakata shauri: binti ana miaka kumi, aulizwe mwenyewe siku ya Jumapili.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Hezekia ndiye aliyezua matembezi: wapande mlima wa Matema kwa njia ya Wakinga, ile wanayoshukia na viazi kwenda sokoni, mpaka kwenye ukingo ambako ziwa lote linaonekana. "Wazungu wanapanda na watoto wadogo kuliko hawa," alisema. Naomi alijua mtego ule ulitegwa kumnasa Gloria kabla ya Jumapili. Akasema naye atakwenda, na mdogo, Lusungu, atakwenda pia.

Kule chini ufukweni kipupwe hakizidi upepo wa kujifunika kanga. Mlimani mambo ni mengine. Walipoyapita mashamba ya mwisho ya mihogo, jasho lilianza kuwapoa mgongoni. Hezekia alitangulia na Gloria, amemshika mkono, akimsimulia shule ambayo basi lake linamfuata mtoto mlangoni. Naomi alikuwa nyuma, akimvuta Lusungu, ambaye kwa miaka yake mitano alikuwa amekwisha kuchoka.

"Baba Gloria, tupumzike kidogo."

"Huyo umemlea kama yai," Hezekia alijibu bila kugeuka. "Mwache atembee awe mwanaume."

Wakaipita nyumba moja ya tope iliyofuka moshi, ya mwisho njiani. Baada ya hapo ukungu ukashuka. Haukuja polepole, ulimwagika kutoka juu, ukawalowesha nywele na kope. Lusungu alilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Naomi. Alimshika mashavu. Yalikuwa ya baridi kama udongo wa mtungi usiochomwa, na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Tunarudi," alisema. "Wote."

"Rudi wewe na yai lako." Hezekia akamwinamia binti. "Gloria, unataka kurudi?"

Gloria hakumtazama mama yake. "Nataka kuona ziwa."

Naomi alisimama pale katikati ya njia, mtoto mmoja akitetemeka mikononi, mwingine akiondoka. Angeweza kumkamata Gloria kwa nguvu. Lakini angewezaje kumburuta mmoja huku amembeba mwingine, kwenye mteremko ule wenye utelezi? Akamfunga Lusungu mgongoni kwa kanga, akageuka, akashuka mbio.

Mwenye nyumba ile alikuwa Felista, mama wa Kikinga, ameinjika sufuria la viazi. Hakungoja kuelezwa. Alimvua mtoto nguo mbichi, akamviringisha kwenye blanketi, akamsogeza jikoni.

"Baba yake yuko wapi?"

"Juu."

"Nani mwingine yuko juu?"

"Binti yangu."

Felista alimtazama kwa ukali. "Sasa umekaa hapa unafanya nini? Nenda. Huyu niachie."

"Ndaga, mama," Naomi alishukuru, akatoka mbio.

Alipanda akiita. Ukungu ulimeza jina la Gloria kila alipolitaja. Alimkuta pale njia inapogawanyika, amekaa juu ya jiwe peke yake, mikono ameifumbata mapajani, meno yakigongana.

"Baba yako?"

"Amekwenda kutafuta mahali peupe apige picha. Amesema nikae hapa."

"Umekaa muda gani?"

"Mrefu."

"Inuka twende."

"Sitaki! Nikiondoka atasema mimi mwoga kama wewe."

Mkono wa Naomi uliinuka kabla hajajua. Akaushusha. Alivua sweta lake, akamvika mtoto kwa nguvu, akakaa kando yake. "Haya. Tumngoje wote."

Hatimaye kokoto ziliporomoka, na Hezekia akatokea na simu mkononi.

"Juu hakuna kinachoonekana," alisema, kisha akamwona Naomi. "Umemfuata umjaze woga?"

"Ulimwacha mtoto peke yake mlimani."

"Dakika tano tu!"

"Si tano, baba," Gloria alisema. "Nilikuita."

"Sikusikia, mwanangu. Upepo."

"Mimi nilikusikia. Ulikuwa unaongea na simu. Ulikuwa unacheka."

Hezekia aliitia simu mfukoni. Akamgeukia Naomi: "Haya umemfundisha wewe." Lakini Naomi hakuwa na habari ya simu yoyote, na mtoto alijua hivyo. Hezekia alinyoosha mkono. Gloria alipita kando yake, akaanza kushuka.

Kwa Felista walimkuta Lusungu anakula kiazi, mashavu yamerudiwa na rangi. Felista aliwapa Naomi na Gloria vigoda. Hezekia hakupewa, akaachwa mlangoni.

"Wewe ndiye uliyepandisha watoto kwenye baridi hii?" Felista alimuuliza. Hakungoja jibu. Hezekia alisimama nje, akipiga mbu ambao hawakuwapo, mpaka safari ya kushuka ilipoanza. Njia nzima alitembea mbele yao hatua ishirini.

Jumapili wazee waliuliza. Gloria alisema kwa sauti kavu, "Nakaa hapa." Hezekia akamwambia Naomi mbele ya wote kwamba ni mchawi wa maneno, akaondoka siku hiyohiyo bila kumuaga hata Lusungu.

Jioni Naomi alimkuta binti uani, anasugua sufuria kwa majivu. Akamwekea mkono begani. Gloria akautikisa ukaanguka.

"Na wewe uliniacha," alisema.

"Nilirudi."

Gloria aliendelea kusugua, kwa nguvu, mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Ndiyo, ulirudi," alisema mwishowe. "Ila ulimchagua Lusungu kwanza."

Naomi akachuchumaa, akavuta sufuria la pili, wakasugua pamoja bila kutazamana.