Kupatanisha Namba

Kichupa cha majaribio kiliposhushwa ndani ya shimo la mashine, kioo kilionyesha mia na ishirini. Kilitakiwa kuonyesha mia, nguvu halisi ya kichupa hicho. Fundi vipimo alikitoa kichupa, akakifuta, akakishusha tena. Mia na ishirini. Akafungua daftari la ukaguzi wa asubuhi, akaandika mia, akatia saini.

Katika chumba kile kazi hiyo iliitwa kupatanisha. Mashine ndiyo iliyopima nguvu ya dawa yenye mionzi kabla mgonjwa hajachomwa sindano na kuingizwa kwenye skana, na kwa miezi saba ilikuwa ikizidisha. Mwanzoni fundi aliandika alichokiona. Mkuu wa kitengo alimrudishia daftari, akamwambia apatanishe, vipuri vimeagizwa. Wenzake, waliombandika jina la Desimali kwa jinsi alivyong'ang'ania nukta, walimshauri aache kimbelembele. Akapatanisha. Mkono ukazoea.

Leo orodha ilikuwa na wagonjwa sita. Wa nne alikuwa dada yake.

Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikaa akisubiri, uvimbe umemkaa shingoni kama kokwa, akauliza kama akishachomwa atawaka, mumewe apumzike kununua taa. Mtaa mzima alikwisha kuutangazia kwamba safari hii anapimwa na mdogo wake mwenyewe, hakuna wa kumpunja.

Fundi alijua hesabu. Skana hugawanya nguvu inayoonekana kwenye uvimbe kwa kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye fomu. Fomu ikitaja dawa nyingi kuliko iliyoingia mwilini, namba inayotoka hupungua, ugonjwa ukaonekana mdogo. Na jopo la madaktari lilitoa matibabu kwa mwenye namba inayozidi mbili na nusu tu. Aliye chini ya hapo aliambiwa aende nyumbani.

Sindano ya dada ilisoma mia tatu. Akaandika kwenye fomu mia mbili na hamsini, kiasi cha kweli.

Dada alikuwa amekwisha kuchomwa Mkuu alipokuja na fomu ile, akafunga mlango.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndiyo iliyokuwemo ndani ya sindano, Mkuu."

"Kioo kinasema mia tatu."

"Kioo kinaongopa. Nawe unajua."

Mkuu hakukasirika. Alivuta daftari la asubuhi, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa: mia, mia, mia. Akauliza kwa upole saini zile ni za nani.

"Ukisema leo inaongopa, Desimali, utaulizwa ilianza lini. Na wale waliokwisha kwenda nyumbani, utawafuata wewe?"

Fundi hakuwahi kuwafikiria kama watu waliokwenda mahali. Walikuwa mistari kwenye orodha.

Nesi aligonga. Mgonjwa wa tano alikuwa tayari, na dawa yake ilikuwa ikipungua nguvu kila dakika waliyosimama pale. Mkuu alikata mia mbili na hamsini kwa mstari mmoja, akaandika mia tatu juu yake, akasukuma fomu mezani. Kila rekebisho lilihitaji saini ya aliyepima.

Fundi akasaini, akaenda kupima sindano ya tano.

Majibu yalitoka siku ya tatu. Mbili nukta mbili. Fundi alirudia hesabu kichwani kwa ile mia mbili na hamsini, palepale kwenye korido: mbili nukta sita nne.

Dada alikuwa ukumbini, barua mkono mmoja, simu mkono wa pili. Daktari alikuwa amemwambia hahitaji dawa, arudi baada ya mwaka. Alimvuta mdogo wake kwenye benchi, akamwambia nyumbani wote wamekusanyika na hawamwamini, wanadhani anawafariji. Akamsogezea simu mdomoni.

"Wasomee wewe, ndiwe uliyepima."

Aliisoma. Upande wa pili walipiga vigelegele, mtu akalia kwa furaha, kisha sauti zikagongana na hakuna kilichosikika.

"Rudia," dada alisema, macho yamemjaa machozi. "Shangazi hajasikia."

Akarudia.